Kusajili na Kulinda Alama ya Biashara Nje ya Nchi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi hunijia wakiwa wamechelewa. Bidhaa imeshapendwa na mzigo wa pili uko njiani, ndipo taarifa inapofika kwamba kontena limezuiwa forodhani, kwa sababu jina lililochapwa kwenye maboksi ni mali ya mtu mwingine katika nchi ile. Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi kila mara. Majibu hayalingani kwa urefu: mengine yanakwisha kwa sentensi chache, mengine ndiyo yanayoangusha watu, na hayo sikutaka kuyapita haraka.

Nimeshasajili alama yangu nyumbani. Kwa nini nisajili tena nje?

Kwa sababu haki ya alama ya biashara hukomea mpakani. Hati uliyopewa nyumbani ni hati ya sajili ile tu. Ukivuka nayo inabaki kuwa ushahidi mzuri, lakini haikupi nguvu ya kumzuia mtu yeyote.

Na mpaka wenyewe si lazima uwe wa dola. Hong Kong na Macau zina sajili zao, mbali na ile ya China bara. Zanzibar ina sajili yake, na Tanzania Bara ina yake. Kwa upande wa pili, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg zinatumia sajili moja ya pamoja. Kwa hiyo usiulize tu "nauza nchi gani?" Uliza "bidhaa yangu itaingia chini ya sajili ipi?"

Kuna upenyo mmoja. Mkataba wa Paris wa mwaka 1883, makubaliano ya kimataifa kuhusu alama za biashara na miliki nyingine za viwanda, katika kifungu chake cha 6bis, unazitaka nchi wanachama kulinda alama inayojulikana sana hata kama haikusajiliwa pale. McDonald's, kampuni ya migahawa ya Marekani, ilijiokoa kwa njia hii Afrika Kusini: ilikuwa imesajili alama zake tangu 1968 bila kuzitumia, wafanyabiashara wa pale wakaomba zifutwe, na kampuni ikashindwa katika hatua ya kwanza kabla ya kushinda rufaani mwaka 1996 kwa hoja ya umaarufu. Lakini hiyo ni McDonald's. Ilibidi ilete mahakamani ushahidi wa kuonyesha kwamba watu wa nchi ile wanaijua. Mfanyabiashara wa kawaida asiutegemee upenyo huu.

Nani ana haki zaidi, aliyeanza kutumia jina au aliyewahi kulisajili?

Inategemea nchi, na hili ndilo jambo la kulijua kabla ya mengine yote. Marekani haki hutokana na matumizi ya kweli sokoni. Uingereza hata alama isiyosajiliwa inaweza kutetewa mahakamani, ila lazima uthibitishe sifa uliyojijengea kwa wateja wa huko. China na nchi nyingine nyingi humpa haki aliyetangulia kuwasilisha ombi, na historia yako ndefu nyumbani haihesabiki sana.

Apple waliligundua hilo kwa gharama kubwa. Walikuwa wamenunua jina iPad kutoka kampuni ya Taiwan ya kundi la Proview, wakaamini mkataba umefunika kila kitu. Kumbe usajili wa China bara ulikuwa kwa jina la kampuni nyingine ya kundi hilohilo, iliyoko Shenzhen, ambayo mahakama za kule ziliona haikuwa imeuza chochote. Mwaka 2012 Apple walilipa dola milioni 60 kumaliza ugomvi. Unaponunua alama, soma jina la mmiliki jinsi lilivyoandikwa kwenye sajili ya nchi husika, neno kwa neno. Usiridhike na jina la aliyekaa mbele yako mezani.

Michael Jordan, mchezaji maarufu wa mpira wa kikapu wa Marekani, naye alipigania kwa miaka jina lake lilivyoandikwa kwa herufi za Kichina, hadi Mahakama Kuu ya Watu ya China ilipompa ushindi kwa sehemu mwaka 2016. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2019, China inaweza kukataa maombi ya nia mbaya yanayowasilishwa bila kusudio la kutumia alama. Hiyo ni nafuu ya kweli. Bado, kuwahi ni rahisi mara nyingi kuliko kushtaki.

Ni jina au nembo ya namna gani inakubalika?

Inayoitofautisha bidhaa yako na za wengine. Neno linaloitaja bidhaa yenyewe au kuisifia, kama "Safi" kwa sabuni, litakataliwa au litakuwa na ulinzi dhaifu. Neno lililotungwa, au neno la kawaida lisilohusiana na bidhaa, ndilo lenye nguvu.

Hapa watu huniuliza kuhusu "Hakuna Matata". Disney, kampuni ya filamu za katuni, waliliomba Marekani mwaka 1994 na likasajiliwa mwaka 2003 kwa ajili ya fulana. Habari ilipoenea mwaka 2018, hasira ilikuwa kubwa, na naielewa: ni maneno ya watu, yalisemwa vizazi na vizazi kabla ya kuchorwa kwenye katuni. Lakini usajili ule haumzuii mtu kuyasema, kuyaimba wala kuyaandika. Unahusu kuyatumia kama alama ya kuuzia nguo katika soko la Marekani. Na ndiyo maana mwenye kutumia lugha yetu kwenye bidhaa zake awe macho: msajili wa nchi ya mbali anaweza kuliona neno la Kiswahili kama neno geni lisiloelezea chochote, akalikubali kwa yeyote aliyewahi.

Nitajuaje kama jina langu halijachukuliwa?

Anza mwenyewe, bila gharama. Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, WIPO, lina hifadhidata ya alama za dunia inayopekuliwa bure kwenye intaneti, na kuna hifadhidata nyingine, TMview, inayoendeshwa na ofisi ya Umoja wa Ulaya pamoja na ofisi nyingine. Usitafute tahajia yako peke yake. Tafuta yanayolingana kwa sauti, yanayolingana kwa maana, na yanayofanana machoni, maana msajili huangalia yote hayo.

Baada ya hapo ndipo umlipe wakili wa nchi husika afanye upekuzi wa kina. Kwa China, mwagize atafute na jina la Kichina. Wateja wakikosa jina la kutamka watakubatiza wenyewe, na mtu mwingine anaweza kulisajili jina hilo kabla yako.

Ukikuta limeshachukuliwa, pima vizuri. Burger King ilipoingia Australia mwaka 1971 ilikuta jina lake lina mwenyewe, na migahawa ile ikaitwa Hungry Jack's hadi leo. Unaweza pia kulinunua, kuomba ridhaa ya maandishi ya mwenye alama, au kuomba lifutwe kama halitumiki.

Makundi ya bidhaa ni nini, na nichague mangapi?

Mkataba wa Nice umegawa bidhaa na huduma katika makundi 45: 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Nguo ni kundi la 25, sabuni na vipodozi la 3, kahawa na chai la 30. Ulinzi wako hufuata makundi uliyoyataja, na ada huongezeka kwa kila kundi.

Chagua unachouza sasa na unachokusudia kwa dhati kuuza miaka michache ijayo. China imegawa makundi haya tena katika vijikundi, na mtu anayeomba katika kundi lako lakini kijikundi tofauti anaweza kupata jina lilelile lako. Kwa soko hilo, orodha ya bidhaa isiandikwe bila wakala wa kule kuipitia.

Nipitie njia ipi: nchi moja moja, kanda, au Madrid?

Zote tatu ni halali, na mara nyingi jibu zuri ni mchanganyiko.

Kama soko lako la nje ni moja au mawili, nenda moja kwa moja kwenye ofisi za nchi hizo kupitia wakala wa pale. Ni njia ndefu kidogo kwa makaratasi, lakini usajili unaoupata unasimama kwa miguu yake.

Ngazi ya kanda huokoa fedha. Ofisi ya Umoja wa Ulaya, EUIPO, iliyoko Alicante nchini Hispania, hutoa usajili mmoja unaofunika nchi zote wanachama kwa euro 850 kwa kundi la kwanza ukiomba mtandaoni, 50 kwa la pili, na 150 kwa kila linalofuata. Ubaya wake ni kwamba pingamizi la mwenye haki katika nchi moja tu linaweza kuangusha ombi zima. Na Uingereza haimo tena: tangu Januari 2021 inahitaji ombi lake. Afrika kuna OAPI, shirika la miliki ubunifu la nchi ambazo nyingi hutumia Kifaransa, lenye makao Yaoundé, ambako usajili mmoja hufunika nchi wanachama 17 bila kuchagua. Kuna pia ARIPO, shirika kama hilo la nchi ambazo nyingi hutumia Kiingereza, lenye makao Harare, ambako kwa Itifaki ya Banjul, mkataba wake wa alama za biashara, unataja nchi unazozitaka. Kabla ya kutegemea Banjul, muulize wakili wa kila nchi kama itifaki hiyo imeingizwa katika sheria zao za ndani, maana kusaini ni jambo moja na mahakama kuitambua ni jingine.

Halafu Madrid. Huu ni mfumo wa WIPO: ombi moja, kwa Kiingereza, Kifaransa au Kihispania, kupitia ofisi ya nchi yako, na unataja nchi unazozitaka kati ya zipatazo 130. Ada ya msingi ni faranga za Uswisi 653 kwa alama isiyo na rangi na 903 kwa yenye rangi, kisha ada ya kila nchi juu yake. Mwombaji anayetoka nchi iliyo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo madogo kabisa hulipa asilimia 10 tu ya ada ya msingi. Hilo watu wengi hawalijui na hulipa kamili.

Masharti ni mawili. Lazima uwe raia, mkazi, au mwenye biashara ya kweli katika nchi mwanachama, na lazima uwe na ombi au usajili nyumbani wa kuegemea. Kenya na Rwanda, kwa mfano, ni wanachama. Afrika Kusini na Nigeria si wanachama, kwa hiyo huwezi kuzifikia kwa njia hii hata ukilipa.

Na msichanganyikiwe na jina "usajili wa kimataifa". Madrid haitoi alama ya dunia. Ni dirisha moja la kupokelea maombi; kila nchi bado hukagua kwa sheria zake na inaweza kukataa, ndani ya miezi 12 au 18.

Madrid ni nafuu hivyo, ina hatari gani?

Miaka mitano ya kwanza, usajili wako wa kimataifa umefungwa kwenye ule wa nyumbani. Wa nyumbani ukifutwa, nchi zote ulizotaja zinaanguka nao. Mshindani akijua hili hana haja ya kukufuata nchi kumi. Atakata shina moja tu. Ikitokea, una miezi mitatu ya kuugeuza kuwa maombi ya nchi moja moja huku ukibaki na tarehe yako ya awali, ila utalipa ada upya. Ndiyo sababu huwaambia watu wenye usajili wa nyumbani unaoyumba, au wenye ugomvi unaonukia, wasiweke mayai yote humo.

Nina muda gani baada ya kuomba nyumbani?

Miezi sita. Ukiomba nje ndani ya muda huo na kudai haki ya kipaumbele chini ya Mkataba wa Paris, ombi lako la nje litahesabiwa kana kwamba liliwasilishwa siku ileile ya nyumbani. Aliyekimbilia katikati amepitwa. Ukizidisha siku moja, haki hiyo imepotea, ingawa bado unaweza kuomba kawaida.

Msambazaji wangu wa nje amejitolea kunisajilia alama kwa jina lake. Nimkubalie?

Usikubali. Nimeliandika jibu hili kwa uzito kwa sababu hatari kubwa haitoki kwa mwizi usiyemjua. Hutoka kwa mtu mliyekula naye.

Huanza kwa wema. Barua pepe inasema: "Hapa sheria ni ngumu kwa wageni, ngoja tuisajili sisi, ni ya kwenu tu." Huenda kweli ana nia njema. Kisha baada ya miaka miwili mnatofautiana juu ya bei, unatafuta msambazaji mwingine, na yule wa kwanza anatoa hati. Kwenye hati, mmiliki ni yeye. Msambazaji wako mpya ndiye anayeonekana mvunja sheria, na wewe mwenye jina ndiye unayeombwa kulinunua.

Alama isajiliwe kwa jina lako au la kampuni yako, hata kama yeye ndiye anayelipa ada. Gharama mnaweza kuzikata kwenye ankara. Katika mkataba wa usambazaji weka kifungu kinachosema wazi mambo matatu: alama zote, majina ya intaneti na kurasa za mitandao ya kijamii ni zako, hataomba usajili wowote unaofanana nazo, na ikitokea amesajili chochote, atakuhamishia bila malipo. Kisha mpe leseni ya kutumia. Na ufanye hivyo kabla ya kumtumia sampuli, wala si baada ya kuona kama bidhaa inauzika.

Nimechelewa, ameshasajili. Nimekwisha?

La. Kifungu cha 6septies cha Mkataba wa Paris kiliwekwa kwa ajili ya watu kama wewe: wakala au mwakilishi akisajili alama ya mwenye nayo bila idhini, mwenye nayo anaweza kupinga, kuomba ifutwe, au, sheria ya nchi ile ikiruhusu, kudai ihamishiwe kwake. Kinachoamua ni ushahidi. Kusanya ankara za kwanza, hati za usafirishaji, picha za vifungashio zenye tarehe, na hasa mawasiliano yanayoonyesha kwamba alijua jina ni lako. Ujumbe mmoja wa simu anaoandika "tutumie stika zenu mpya" unaweza kuwa na uzito kuliko kurasa hamsini za maelezo. Usifute chochote, na usimjibu kwa hasira kabla wakili hajaona.

Fahamu pia kwamba wewe ukiwa ulimruhusu kwa maandishi asajili kwa jina lake, kifungu hiki kinapungua nguvu sana.

Siuzi China, natengenezea tu bidhaa zangu huko. Nisajili?

Ndiyo. Kubandika lebo kiwandani kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kutumia alama, na forodha ya China hukagua mizigo inayotoka pia, si inayoingia tu. Mwenye usajili wa pale anaweza kuuzuia mzigo wako kabla haujapanda meli.

Nimepokea ankara ya kulipia "uchapishaji" wa alama yangu. Ni ya kweli?

Karibu hakika ni ya ulaghai. Maombi ya alama huchapishwa hadharani, na matapeli husubiri humo. Moja niliyoletewa na mteja ilikuwa na namba sahihi ya ombi lake, nembo yake imechapwa vizuri pembeni, jina la shirika linalotaka kufanana na la serikali, na muda wa kulipa wa siku kumi. Kilichoifichua ni akaunti ya benki: ilikuwa katika nchi isiyohusika kabisa na ombi. Ada za Madrid hulipwa WIPO, moja kwa moja au kupitia ofisi ya nchi yako. Ankara nyingine yoyote mpelekee wakala wako kabla ya kugusa pochi.

Nimepata barua ya kukataliwa au pingamizi. Nifanye nini?

Angalia tarehe ya mwisho kwanza, kisha ndipo usome sababu. Vipindi ni vifupi na hutofautiana. Mtu anayetaka kukupinga ana siku 30 tangu kuchapishwa Marekani, miezi miwili Uingereza, mitatu Umoja wa Ulaya na China, minne India. Nawe una muda wako wa kujibu. Kukataliwa mara ya kwanza si mwisho. Mengi huisha kwa kupunguza orodha ya bidhaa au kwa makubaliano na mpinzani kwamba kila mmoja atumie alama yake bila kumwingilia mwenzake. Marekani, mwombaji wa nje lazima awakilishwe na wakili mwenye leseni ya huko. Kanuni hiyo ipo tangu Agosti 2019.

Nikishasajiliwa naweza kukaa bila kuitumia?

Si kwa muda mrefu. Umoja wa Ulaya na Uingereza, miaka mitano mfululizo bila matumizi ya kweli inatosha mtu kuomba ifutwe. China ni mitatu. Marekani wanataka zaidi: kati ya mwaka wa tano na wa sita lazima uwasilishe tamko la matumizi pamoja na ushahidi, hata kama ulipitia Madrid. Hapa ndipo usajili mwingi wa wageni unapokufa kimyakimya, mwenyewe akidhani ana miaka kumi.

Tumia alama kama ilivyosajiliwa. Ukibadilisha mwandiko na umbo mpaka haitambuliki, sajili hilo jipya.

Nitawazuiaje wanaouza bandia?

Wasilisha usajili wako kwenye forodha ya nchi husika. Nchi nyingi zina daftari maalumu, na maofisa wakiwa na picha za bidhaa halisi na jina la waagizaji wako halali hujua cha kuzuia. Masoko makubwa ya mtandaoni huondoa bidhaa upesi ukionyesha namba ya usajili wa nchi hiyo, na bila hiyo mara nyingi hawakusikilizi. Mtu akichukua jina lako kama anwani ya tovuti inayoishia na .com, kuna utaratibu wa usuluhishi unaoendeshwa na WIPO tangu 1999, ada yake dola 1,500 kwa msuluhishi mmoja. Ni ghali, lakini ni nafuu kuliko mahakama, na hufanyika kwa maandishi bila kusafiri.

Naweza kuweka ile R ya duara (®), inayosema alama imesajiliwa, popote?

Weka pale tu ulikosajiliwa. Uingereza, kwa mfano, kudai alama imesajiliwa ilhali haijasajiliwa ni kosa la jinai. Kama kifungashio kimoja kinaenda nchi nyingi na baadhi bado hujapata hati, tumia herufi TM, ambazo hazidai kwamba alama imesajiliwa.

Usajili hudumu muda gani?

Miaka kumi katika nchi nyingi, kisha unauhuisha kila miaka kumi bila kikomo. Chini ya Madrid kuna miezi sita ya ziada kwa atakayepitiwa, kwa nyongeza ya ada. Ofisi nyingi hazikukumbushi kwa simu, na barua huenda kwenye anwani uliyoandika siku ile ya kwanza. Ukihama au kubadili jina la kampuni, rekebisha sajili zote.